Hamjambo Humu Ndani

Mke wangu Agatha alikuwa na ugonjwa wa kusalimia. Nasema ugonjwa kwa sababu hata ule uliomuua haukuwahi kumshika kama huo. Akipanda gari, liwe basi la Kilosa au lori la mahindi, kabla hajatafuta pa kukaa atasimama mlangoni aseme kwa sauti yake ya kwaya: "Hamjambo humu ndani?" Huku kwetu Rudewa hilo si ajabu. Watu hujibu "Hatujambo, karibu," wanasogeza vikapu, safari inaanza. Lakini Agatha alikuwa anazidisha. Alisalimia hata gari lenye abiria wawili waliolala fofofo, kisha anasimama palepale mlangoni akisubiri mpaka mmoja aamke amjibu.

Mimi siko hivyo. Naitwa Cleopa, nimezaliwa milimani, nikashuka kulima bondeni, na huku huku nimezeekea. Watu wanasema nina hasira. Sina hasira hata kidogo, sipendi tu kupigiwa kelele. Miaka yote ya ndoa yetu Agatha alizungumza kwa niaba yetu sote wawili, na mimi nikawa nakohoa pale panapohitajika.

Alipougua, madaktari wakamwandikia aende Dar es Salaam kwenye mionzi. Na mwezi wenyewe ndio ule mahindi yanabeba, ng'ombe nao wanapita mashambani usiku. Ukilala unaamkia mabua matupu. Joyce, binti yetu, yuko Mpanda kwa mumewe na alikuwa na mtoto mchanga. Tukakubaliana Agatha akakae Kimara kwa Alex, mtoto wa marehemu kaka yangu, mimi nibaki nilinde chakula. "Mahindi yakiliwa nitarudi nile nini?" akasema. Basi akaenda peke yake.

Kila jioni alinipigia simu. Mtu mwingine angesimulia ugonjwa. Yeye alisimulia basi. Mwendokasi hivi, mwendokasi vile! Kwamba limepewa njia yake peke yake katikati ya barabara, magari mengine yanalitazama tu. Kwamba milango yake iko upande wa kulia, alipo dereva, kwa hiyo mtu wa Kilosa anasimama kushoto kungoja kushuka, anabaki anaangalia dirisha. Kwamba ukitoka Kimara unapita Ubungo, Shekilango, Manzese, Magomeni, Jangwani, Fire, Posta, mpaka Kivukoni kwenye feri, na hospitali yake haiko mbali na hapo. Vile vituo nikavijua kwa moyo kama Zaburi, na wala sijawahi kuvitia machoni.

"Na leo umewasalimia?" nilikuwa namuuliza.

"Nimewasalimia."

"Wamejibu?"

"Wana vitu masikioni, baba Joyce. Hawasikii."

"Sasa si uache? Unatutia aibu mjini kwa watu!"

"Nitaingiaje kwa watu kimya kimya kama paka?" Halafu anacheka, anakohoa, salio linakata.

Siku moja akapiga simu mapema, hata jua halijazama. "Nimejibiwa!" akasema. Nikadhani amejibiwa na daktari. Kumbe ni mwanamke mmoja, Sikuzani, anayepandia Magomeni na chupa zake kubwa za chai na beseni la vitumbua, anakwenda kuuza kule feri. Agatha alikuwa amechelewa siku hiyo, akapandia Magomeni baada ya kushushwa na basi lisiloenda njia yake, akatoa salamu yake mlangoni, na sauti ikamjibu: "Hatujambo, mama! Karibu!" Tangu hapo wakawa wanasafiri pamoja. Siku za mionzi, Jumanne mpaka Alhamisi, Agatha anapanda Kimara, anasalimia. Basi likifika Magomeni Sikuzani anaingia, anamtafuta kwa sauti. Akitapika, Sikuzani anamshikia mfuko na kuwagombeza wanaokunja pua. Wakishuka anampa chai kabla hajaenda hospitali. "Nimemwahidi nikipona atakuja Rudewa kula mahindi mabichi," aliniambia. Nikamwambia huyo mgeni wake atalala wapi, nyumba yenyewe inavuja. Nilikuwa na wivu, nasema ukweli. Yule mwanamke alikuwa anamwona mke wangu kila wiki, mimi namsikia tu.

Kisha jioni moja simu ikaita, si Agatha. Ni Alex. "Shikamoo baba mdogo. Mama mdogo amezidiwa kidogo. Panda treni ya kesho. Tutazungumza ukifika."

Sasa nieleze jambo, maana vijana siku hizi wanatangaza misiba kwenye simu kama matokeo ya mpira. Kwetu mtu aliye njiani hapewi habari ya kifo. Anaachwa afike, akae, anywe maji, apate mtu wa kumshika mkono, ndipo aambiwe. Unaambiwa amezidiwa, unaambiwa njoo, unaambiwa tutazungumza ukifika. Kila mtu mzima anajua maana yake. Mimi pia najua. Lakini asubuhi ile nilipita shambani nikavunja mahindi mabichi, nikajaza kiroba, nikapanda treni ya umeme pale Kilosa. Njia nzima nikawa najiambia Alex ni kijana wa mjini, hajui kupanga maneno, amesema tu hivyo bila kufikiri. Hata nikamnunulia Agatha soda. Nilifika, nikakalishwa, nikapewa maji. Yale mahindi sijui yalikuja kuliwa na nani.

Tukamleta nyumbani tukamzika. Joyce alikuja na mtoto, akalia, akarudi Mpanda. Simu ya Agatha ilitumbukia kwenye ndoo ya maji katika zile pilikapilika za msiba, ikafa na namba zake zote. Nikabaki na nyumba. Nyumba ile, jamani, ilikuwa na kelele miaka yote nikawa nalalamika. Sasa nikiweka kikombe mezani nasikia mwenyewe kilivyogonga. Nilikuwa nazungumza na redio. Redio haikuulizi umekula nini.

Ilipokaribia kuanua tanga, akaja shemeji yangu Teresia, dada mkubwa wa Agatha, mwanamke ambaye hata kasisi anamwogopa. Siku ya kuanua tanga ndipo msiba unamalizwa: nguo za marehemu zinagawiwa, watu wanakula, wanarudi kwenye kazi zao. Ilipangwa iwe Jumamosi. Teresia akakunja nguo zote, hii ya Joyce, hii ya wifi, hii ya mama wa jirani, halafu akabakiza kitenge kimoja cha bluu chenye ndege.

"Hiki ni cha yule Sikuzani wa kwenye basi," akasema. "Ameambiwa?"

"Nitamwambia vipi? Namba sina."

"Kwa hiyo hajaambiwa." Akakaa chini. "Shemeji, kuna mtu ambaye mpaka leo anamtaja mdogo wangu kama mtu aliye hai. Anamuulizia. Anamwita. Mdogo wangu huko kaburini atalala saa ngapi? Mimi tanga silianui."

"Teresia, sisi ni Waanglikana. Mambo hayo—"

"Nimeuliza dini yako?"

"Dar es Salaam ina watu mamilioni!"

"Na wanaopandia Magomeni na chupa za chai na wanaitwa Sikuzani, wako mamilioni?"

Ningekuwa na jibu ningebaki shambani kwangu. Jumatatu nikapanda treni, kitenge kimo kwenye mfuko, na Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho, maana Ijumaa lazima niwe nyumbani kupokea wageni wa tanga.

Alex alinipa kadi yake ya basi akanionyesha pa kuigusisha getini. Ni kijana mwema, lakini anatoka alfajiri, anarudi amechoka, anakula huku anatazama simu. Jumanne nikafika Kimara nikaona basi linakimbiliwa na watu, nami nikalikimbilia. Sikuuliza. Agatha angeuliza, angeuliza hata mara tatu na kupewa historia ya dereva. Ubungo ikapita, Shekilango ikapita, kila kituo nikakiitikia moyoni kama nilivyokariri, nikajiona mwenyeji. Pale Magomeni basi likakata kushoto. Nikasimama. "Hili linakwenda wapi?" "Morocco, mzee." Morocco! Nikazungushwa mpaka mwisho wa njia, nikashuka nikiwa na hasira na jiji lote. Asubuhi yote ikaisha hivyo, na saa ya Sikuzani ikapita.

Jumatano nikapanda la Kivukoni, nikahakikisha maandishi. Agatha alisema Sikuzani anajifunga mtandio wa kijani. Magomeni wakaingia watu, na mmoja ana mtandio wa kijani, chini ya mkono ana mfuko mkubwa. Nikajipenyeza mpaka kwake.

"Wewe ndiye Sikuzani?"

Akanipima kutoka juu mpaka chini. "Sikuzani ndo nani? Mzee vipi wewe, asubuhi yote hii?"

Watu wakacheka. Mzee wa miaka yangu, mjukuu ninaye, naonekana natongoza kwenye mwendokasi! Nikashuka kituo kilichofuata, nikarudi Magomeni, nikakaa kituoni nikiangalia kila mwenye chupa ya chai. Chupa za chai jijini ni nyingi kuliko nilivyodhani. Mlinzi akanijia, kwa adabu lakini kanijia: "Mzee wangu, hapa ni kupanda na kushuka tu. Hapakaliwi." Siku nzima watu wamenigusa mabega, wamenikanyaga, wameniomba radhi bila kunitazama, na huyo mlinzi ndiye pekee aliyenisemesha. Usiku ule nilitaka kumpigia Agatha nimsimulie. Mkono ulishafika mfukoni ndipo nikakumbuka.

Alhamisi nikapanda Kimara nikiwa nimeshakata tamaa. Nilipata kiti. Nikakaa na mfuko wangu mapajani nikamtukana Teresia kimoyomoyo kutoka Kimara mpaka Manzese. Tulipofika Magomeni milango ikafunguka, wanawake wakaingia, wengine na ndoo, wengine na mabeseni, siwaoni vizuri kwa wingi wa watu waliosimama. Milango ikafungwa. Nikajua akiwa humu atashuka Kivukoni, atapotelea kwenye soko la samaki la pale feri, na mimi nitarudi Rudewa na kitenge. Na Agatha ataendelea kuitwa.

Ndipo nikasimama. Nikashika bomba la juu. Maishani mwangu sijawahi kusalimia gari zima, kulikuwa na mtu wa kazi hiyo. Nikasema:

"Hamjambo humu ndani?"

Sauti ilitoka mbaya, imepasuka katikati. Msichana mmoja akaziba mdomo anacheka. Kijana akatoa kile kitu sikioni, akanitazama, akakirudisha. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nikawa nakaa sasa, magoti yashaanza kukunjika.

"Hatujambo, mama! Karibu!"

Ilitoka mlango wa nyuma. Na baada ya sauti kikaja kichwa, kimenyooshwa juu ya mabega ya watu, kinatafuta. Mwanamke mnene, uso unacheka tayari, macho yanapita huku na huku. Alikuwa anamtafuta Agatha. Yakanipita mimi mara mbili kabla ya kurudi kusimama kwangu.

Akaja, beseni mbele, anasukuma watu bila wasiwasi. Mtandio haukuwa wa kijani hata kidogo, siku hiyo ulikuwa mweusi.

"Shikamoo baba. Usiniambie wewe ndiye mzee Cleopa!"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Yaani kakufundisha na wewe! Na alisema wewe husalimii hata kuku!" Akacheka basi zima likasikia. "Mama yuko wapi? Umekuja peke yako? Mimi nilijua tu! Alipoacha kupanda nikasema huyu karuhusiwa, kapona, kaenda kwake. Nikipiga simu haipatikani, nikasema huko shambani mtandao shida. Wenzangu wote pale feri nimewaambia, yule mama yangu wa Kilosa, yule aliyekuwa anatapika, kapona bwana, sa'hizi anapiga jembe!"

Jangwani ilikuwa inapita, lile bonde wazi, na mimi nimemkazia macho yule mwanamke. Naomba unielewe. Miezi yote hii nilidhani Agatha amekufa kila mahali. Kumbe kulikuwa na mahali pamoja hakufa. Kwa huyu muuza chai alikuwa amepona, yuko Rudewa, anapalilia, labda anagombana na mimi. Nilitamani nami niende nikaishi huko. Ningeweza kusema "anakusalimu sana," nikatoa kitenge kama zawadi, nikashuka. Teresia asingejua. Nani angejua?

"Kanisalimu?" akauliza Sikuzani.

Mdomo nilishaufungua niseme ndiyo. Nikaona kitenge kwenye mfuko, nikaona nyumba yangu na kile kikombe.

"Sikuzani, mwanangu," nikasema. "Tufike kwanza."

Kicheko hakikuondoka mara moja. Kilibaki usoni kikiwa hakina tena kazi. Akanitazama, akatazama mfuko wangu, akatazama tena mimi. Huyu ni mtu wa watu, amelelewa. Akashusha beseni taratibu sakafuni, akanishika kiwiko. "Kaa, baba," akasema, akanikalisha kwenye kiti changu, akasimama pembeni yangu amenishika bega. Fire ikapita. Posta ikapita. Yeye alikuwa anatazama nje na mimi natazama beseni la vitumbua, limefunikwa kitambaa cheupe safi.

Tulipokaribia mwisho akasema, "Tukifika nitakupa chai."

"Nitashukuru," nikasema.

Kivukoni ana meza yake ndogo na benchi. Wateja walikuwa wanamngoja, mmoja akaanza, "Mama Chai, leo umechelewa—" Sikuzani akamnyooshea kiganja tu, yule mtu akanyamaza. Akanikalisha kwenye benchi. Akamimina chai, tangawizi nyingi, akaniwekea na kitumbua juu ya karatasi. Nikanywa. Alikaa karibu yangu, mikono mapajani, anangoja nimalize. Sijawahi kunywa chai polepole kama ile. Kikombe kilipokwisha nikakiweka chini.

"Agatha hatunaye," nikasema. "Aliondoka tangu mahindi yakiwa mabichi."

Akajifunika uso kwa mtandio. Hakupiga kelele. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, na mimi mzee mzima nikalia pale benchini, mbele ya watu wa samaki, kilio ambacho sikukilia hata makaburini, maana kule kulikuwa na wageni wa kuhudumia.

"Nilijua kule Jangwani," akasema baadaye, mtandio bado usoni. "Uliposema tufike, nikajua. Lakini nikasema basi, hivi vituo vilivyobaki, bado yupo."

"Na mimi," nikamwambia. "Na kwenye treni pia. Nilimletea mahindi."

Nikampa kitenge, nikamweleza habari ya Teresia na tanga. Hakukikunjua kukitazama. Alikinusa, kisha akasimama akajifunga palepale juu ya gauni lake, wale ndege wa bluu wakamzunguka kiuno kama walivyokuwa wakimzunguka Agatha akienda kanisani. Nikageuka pembeni.

Nilikuwa na treni ya kuwahi na begi la kuchukua Kimara. Alinisindikiza mpaka getini, wateja wake wakajimiminia wenyewe. Tukaagana kwa mikono yote miwili. "Mwambie dada yake aanue tanga," akasema. "Mwambie Sikuzani ameambiwa. Ameambiwa vizuri, amekaa." Halafu akaniambia nipande lililoandikwa Kimara, nisije nikaenda Morocco. Agatha alikuwa ameshamsimulia kwamba mimi huwa siulizi.

Basi lilikuwa karibu tupu saa ile. Watu wachache, kila mmoja na dirisha lake, vitu masikioni. Nikaingia. Viti vilikuwepo tele. Nikasimama mlangoni nikasema, safari hii sauti ikatoka sawasawa:

"Hamjambo humu ndani?"

Hakuna aliyejibu. Milango ikafungwa, basi likaondoka. Posta ikapita, Fire ikapita, na mimi nimesimama palepale mlangoni, nasubiri.